Kilomita Mbili za Uongo

Kwa miaka kumi na miwili mama mkwe wangu na mimi hatukuwahi kuketi katika chumba kimoja. Hatukuwa tumegombana. Tuliheshimiana tu, tena kupita kiasi. Kwetu Ukambani heshima hiyo inaitwa nthoni: mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja wao huingia vichakani hadi mwenzake apite. Siku hizi wengi wameiacha, hasa waliookoka. Mama mkwe wangu ameokoka tangu kabla sijazaliwa, ila anasema hajaona mahali Biblia ilipomwamuru amkodolee macho mkwe wake.

Kila nilipomtembelea kwake, kusini mwa Kitui kule ambako mvua huja ikijisikia, nilipokewa kama chifu. Maji ya kuoga yalikuwa tayari, kuku alikuwa amechinjwa, na chai ilikuwa na maziwa mengi kuliko maji. Aliyeandaa yote hayo sikumwona. Niliona tu pindo la leso likipotea nyuma ya ghala. Salamu zake nililetewa na mke wangu, nami nikazijibu kupitia mke wangu, ingawa mama mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta na alisikia kila neno.

Mimi ni fundi wa pampu za visima. Nilizaliwa Kasikeu, naishi mjini Wote, na kazi yangu ni kung'oa mabomba ardhini na kuuliza kwa nini maji hayapandi. Ni kazi ya kuongea na mashine, na labda ndiyo maana nikipata mtu wa kunisikiliza huwa sijui kunyamaza. Shuleni nilikuwa mtangazaji wa mpira. Nilikunja karatasi ya manila ikawa kipaza sauti, nikapanda juu ya dawati kando ya uwanja, nikatangaza hata mechi ambazo hazikuwa na watazamaji. Mwalimu mkuu alisema nitaishia redioni. Niliishia visimani.

Macho ya mama mkwe yalianza kugoma polepole. Kwanza alimimina chai kando ya kikombe, akasema kikombe kimesogea. Halafu akatumbukia kwenye mtaro wa shamba lake mwenyewe, mtaro aliouchimba pamoja na wanawake wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi za shamba. Alilala humo hadi mpita njia alipomsikia akiimba. Anaishi peke yake. Mume wake alifariki miaka mingi iliyopita, na katika watoto wake mke wangu ndiye aliye karibu. Basi mke wangu akaenda kumchukua, akamleta Wote aonwe na daktari wa macho.

Daktari alisema hilo si jambo la siku moja. Kulikuwa na dawa za matone, vipimo, pengine upasuaji, kisha kurudi kliniki tena na tena. Ilibidi akae Wote kama miezi miwili. Hapo ndipo nthoni ilipotukaba koo, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Tulimtafutia kitanda kwa jirani, mjane wa kanisani kwetu. Mchana, nikiwa kazini, alishinda kwetu. Jioni mke wangu alinipigia simu: "Uko wapi? Usikuje saa hii, Mum bado anakunywa chai." Nami nikangoja kwenye kibanda karibu na soko hadi nipewe ruhusa ya kuingia nyumbani kwangu. Nilikunywa chai nyingi mwezi huo, na sikufurahia hata kikombe kimoja.

Kisha binti wa jirani akarudi kutoka chuoni, na kitanda kikapata mwenyewe. Mama aliposikia hivyo alikunja leso zake. Alisema Jumatatu anarudi Kitui, na macho yatajua la kufanya. Mke wangu alilia bafuni akidhani sisikii. Sote wawili tulijua kwamba akiondoka hatarudi, na kwamba siku nyingine mtaro hautamhurumia. Mimi nilikasirika. Niliikasirikia nthoni, nikamkasirikia jirani asiye na kosa, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na nyumba yenye chumba kitupu na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama wa watu alale humo.

Jumapili iliyotangulia Jumatatu hiyo kulikuwa na marathoni ya wanawake katika mashindano ya dunia ya riadha.

Mke wangu alikwenda kanisani na binti yetu. Jirani naye alikwenda. Mama alikuwa amekatazwa vumbi kwa sababu ya dawa, kwa hiyo alibaki, na mtu alipaswa kubaki naye. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mke wangu alimkalisha jikoni kwenye kiti chenye mto, akashusha pazia lililotenganisha jiko na sebule, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Yeye huko, wewe hapa. Nyumba ikiungua, kila mtu atoke na mlango wake." Akachukua simu yake, na yangu pia ya kurekodia kwaya, akaondoka.

Nilijua mama anapenda mbio. Mume wake alikuwa na redio aliyoiweka dirishani, na kila Mkenya alipokimbia nchi za watu walikaa wawili chini ya dirisha lile na kuacha mbuzi wajichunge. Mke wangu amenisimulia hayo mara nyingi. Kwa hiyo nilipowasha televisheni nilijisemea kwamba nitaongeza sauti, mama asikie, nami nitakaa kimya kama mtu mwenye adabu zake.

Watangazaji walikuwa wanaongea Kiingereza, tena kile cha haraka. Hazikupita dakika tano nikasikia sauti kutoka jikoni. Mama alikuwa anazungumza Kikamba, kama tulivyofanya siku yote hiyo, na hakuwa anazungumza nami.

"Wewe sufuria," alisema, "hao watu wanapiga kelele za nini? Mbona hawasemi nani yuko mbele?"

Sufuria haikujibu. Nilikohoa. Nthoni inakataza mengi, lakini haijamkataza mtu kuzungumza na vyombo vyake.

"Televisheni," nikasema, "huko mbele naona wanawake tisa. Wawili ni wetu, watatu ni wa Ethiopia, mmoja ni wa Uganda, mmoja wa Japani, na wengine wawili siwajui."

Kisha: "Sufuria, mwambie televisheni awazime hao Wazungu. Wananichanganya."

Nilizima sauti. Nikavuta kiti karibu na kioo, nikaanza kutangaza.

Sijui nieleze vipi furaha niliyokuwa nayo. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita tangu nishuke kwenye lile dawati, na maneno yalikuja yenyewe. Nilimweleza barabara pana ya mji ule wa mbali, miti iliyopandwa mstari mmoja, watu waliojazana pembeni na bendera za kila rangi. Nilimweleza jinsi yule mdogo kati ya wawili wetu anavyokimbia mabega yakiwa yamelala, hapumui kwa kinywa, na jinsi Mwethiopia mrefu alivyomganda kama kivuli. Mama alisikiliza, na aliuliza maswali ambayo mtangazaji yeyote angeyakimbia.

"Sufuria, huyo wa Japani, kwao kunanyesha?"

"Kunanyesha sana, televisheni."

"Basi anakimbia nini?"

Kwa kila mkimbiaji aliuliza mvua. Uganda nilimhakikishia kwamba kunanyesha. Ethiopia nilikuwa bado natafuta jibu akaniwahi: huko anajua, alisikia habari za ukame wao tangu akiwa msichana, huko ni kama kwetu. Akasema basi huyo mrefu naye atamwombea, ila si sana kuliko wetu.

Wakati mmoja kamera ilirudi nyuma kabisa, ikamwonyesha mwanamke mmoja peke yake, wa kisiwa ambacho sikuwahi kukisikia. Alikuwa wa mwisho, na soksi moja ilikuwa imeshuka hadi kwenye kiatu. Nikamtaja kwa kupita nikarudi mbele. Mama akanirudisha.

"Sufuria, mwambie asimwache huyo wa mwisho. Wa mbele ana watu wengi wa kumtazama."

Kuanzia hapo kila baada ya muda nilitafuta habari za yule wa soksi. Kamera haikumwonyesha tena mara nyingi, kwa hiyo nilisema tu, "Hatumwoni, lakini hatujaambiwa ameacha," na mama aliridhika na hilo. Ningekumbuka jibu hilo baadaye ningejiepusha na mengi.

Walipofika kilomita ya thelathini na tano kundi la mbele lilikuwa limepukutika. Walibaki watatu: wetu mmoja na Waethiopia wawili. Kwenye meza ya maji wetu alikosa chupa yake. Yule Mwethiopia mrefu akanywa ya kwake, akageuka, akamnyooshea iliyobaki. Wetu akapokea, akanywa, akairudisha, na wote wawili wakaendelea kukimbia bega kwa bega huku wakitafuta jinsi ya kushindana. Nilitaka kulitangaza hilo, lakini nilibaki nikiitazama ile chupa. Nikanyamaza.

"Wewe," mama alisema. Hakusema sufuria. "Usininyamazie. Kuna nini?"

Katika miaka kumi na miwili hilo lilikuwa neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe. Nikamjibu, "Hakuna kitu, mama. Wamegawana maji." Akasema, "Endelea basi," nikaendelea, na tangu hapo sufuria na televisheni wakaachishwa kazi. Niliona kivuli cha kiti kikisogea karibu na pazia. Nilijua kwamba kuna jambo linafunguka pale nyumbani, na niliogopa hata kukohoa nisije nikalifunga.

Walipopita kilomita ya arobaini stima ikapotea.

Ilipotea kama umeme unavyopotea kila mara hapa Wote, bila kuaga. Kioo kikawa cheusi. Kwa kuwa sauti nilikuwa nimeizima na jua lilikuwa linawaka nje, jikoni hakuna kilichobadilika. Simu zote mbili zilikuwa kanisani. Na nyuma ya pazia mama alikuwa anasema, "Eeh? Eeh? Yuko wapi sasa?"

Ningeweza kusema ukweli. Ni maneno mawili tu. Lakini nilimwona kichwani akikirudisha kiti nyuma, akikunja leso, akipanda gari Jumatatu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Bado wako pamoja, mama," nikasema. "Wetu ameangalia saa."

Hizo kilomita mbili nilizikimbia mimi. Nilimwongezea kasi, nikampunguzia, nikampitisha darajani, daraja ambalo huenda halipo. Nilimfanya Mwethiopia mrefu ajaribu kumpita mara mbili na kushindwa. Nilimwingiza uwanjani, nikawasimamisha watu, nikamvusha kwenye utepe akiwa wa kwanza, mikono juu, uso umelowa. Hata yule wa kisiwani sikumsahau. Nilisema ameonekana, soksi ameivuta, anakuja.

Mama akapiga vigelegele. Pazia likafunguka na akaingia sebuleni, mkono mmoja ukipapasa ukuta na mwingine mbele yake, ukinitafuta. Nikasimama. Ukanipata kifuani, ukashuka hadi kwenye mikono yangu, akaishika yote miwili, akairusha juu na chini, akacheza nami katikati ya sebule hiyo ndogo huku akiita jina la marehemu mume wake na kumwambia, "Umesikia? Umesikia?"

Tukasimama kwa pamoja. Nadhani tulikumbuka wakati mmoja. Aliachia mikono yangu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akajifunika uso kwa leso, akarudi jikoni, na safari hii hakupapasa ukuta. Nilikaa chini. Nilikuwa na furaha na aibu, na sikujua ipi ina nguvu zaidi.

Saa saba mke wangu aliingia, bado amevaa sare ya kwaya. Kabla sijamwonyesha ishara yoyote alianza kusimulia. Mahubiri yalipoisha vijana walikuwa na mbio kwenye simu, na watu wakajazana, hata mchungaji akachungulia. "Mliona? Aki huyo msichana wetu, nimemhurumia. Mguu ukamkamata mita kidogo tu kabla ya laini. Akasimama kabisa. Yule Mwethiopia mrefu akapita akashinda. Lakini hakuenda kuchukua bendera, ulimwona? Alibaki hapo kwa laini akimngoja, anamwita na mkono, njoo, njoo. Wetu akaenda anachechemea, akaingia wa tatu, wakashikana wakalia wote. Kanisa yote ililia. Mum, uliskia?"

Jikoni kiti kikasogea. Kisha mama akasema, "Mwanangu, rudia." Mke wangu akarudia. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, natazama vidole vyangu vya miguu.

"Wewe huko," mama akasema. "Uliyaona hayo?"

"Hapana, mama. Stima ilipotea."

"Ilipotea lini?"

"Kilomita ya arobaini."

"Na hayo uliyoniambia uliyatoa wapi?"

"Kichwani."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa kilomita mbili tu. Mke wangu alinitazama, akatazama pazia, akaweka mkono mdomoni. Mama hakupaza sauti. Nilitamani angepaza.

"Umeninyima," alisema. "Umenipa furaha ya kitu ambacho hakikuwepo, na kilichokuwepo kimenipita nikiwa hapa hapa. Mtoto wa watu anamngoja mwenzake aliyetaka kumshinda. Hilo ndilo ningependa kuambiwa. Huko kwenu Kasikeu mnadhani mtu hufurahi akishinda tu?"

Nilidhani basi yote yameharibika, na kwamba hatangoja Jumatatu. Lakini mama mkwe wangu ni mtu wa utaratibu. Baada ya kula (jikoni, nami sebuleni) alimwita mke wangu, akatoa hukumu huku akijua kwamba nasikia. Makosa yaliyotendeka ni mawili. La kushikana mikono ni lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyevuka pazia. Atalipa mbuzi, na mbuzi huyo ni lazima atoke nyumbani kwake Kitui. La uongo ni langu. Nami nitatoa mbuzi. Mbuzi hao wataliwa na watu wa pande zote mbili. Hadi hapo hawezi kuondoka, kwa sababu mtu hatoki katika nyumba aliyovunjia nthoni na kuiacha imelala sakafuni. Na kwa kuwa kaka yake mwenye kumleta mbuzi hapatikani kabla ya Jumamosi, itabidi alale hapa.

"Hapa wapi, Mum?" mke wangu akauliza.

"Hapa hapa. Kwani kuna nini kilichobaki cha kuvunja?"

Mke wangu alikimbilia bafuni tena, na safari hii alikuwa anacheka.

Stima ilirudi jioni. Kwenye habari za saa moja walionyesha mwisho wa mbio, na mama akaomba kiti chake kiletwe mlangoni, nusu jikoni, nusu sebuleni, pazia likiwa limefungwa fundo. Hakunigeukia. "Sema," aliniagiza, "na usitie chumvi." Nikasema nilichokiona. Nilisema mguu ulivyomkamata wetu, jinsi alivyousugua na kuupiga kwa ngumi, jinsi Mwethiopia alivyovuka mstari na kugeuka kabla hata hajavuta pumzi. Nilisema kwamba mkono ule wa kumwita ulikuwa mwembamba na ulikuwa unatetemeka. Nilisema kwamba yule wa kisiwani hawakumwonyesha, sijui kama alifika. Mama alifuta macho yake mabovu. Huwa nasikia kwenye hotuba kwamba michezo ya kimataifa huunganisha watu, na huwa nasinzia. Siku hiyo sikusinzia. Wasichana wawili ambao hawatajua kamwe kama Wote iko duniani walikuwa wamemleta mama mkwe wangu hadi mlangoni pangu.

Jumamosi mjomba, yaani kaka yake mama, alifika kutoka Kitui kwa njia ya Kibwezi akiwa na mbuzi aliyesafiri kwenye buti la basi na kushuka akiwa na hasira kuliko yeye. Tulimwomba mwenye duka la mbele, Mwislamu wa kutoka Mwingi, achinje yeye mbuzi wote wawili, huyo na wangu, ili naye ale nasi, na alipokuwa ananoa kisu akaanza ubishi kwamba wetu angeshinda kama angejinyoosha vizuri. Jirani mjane akasema ni chumvi iliyompungukia mwilini. Mjomba, ambaye hakuzitazama mbio zenyewe, aliwashinda wote kwa kelele. Mwishowe alituita mimi na mama, akaweka sahani moja ya nyama kati yetu, akasema tule. Nilimkabidhi mama blanketi nililomnunulia la kumwomba radhi. Tulikula tukiangalia pembeni kila mmoja upande wake, maana miaka kumi na miwili haiishi kwa sahani moja, lakini vidole vyetu viligongana juu ya maini na hakuna aliyeondoa mkono.

Hakuzungumzia tena kurudi Kitui.

Wiki mbili baadaye daktari alituita mimi na mke wangu kando. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. Huyo angeondolewa, na mama angeona. La kushoto lilikuwa limeuawa na presha ya macho, tena zamani, na hakuna upasuaji wa kulirudisha. Kwenye korido mke wangu alinishika shati. "Tusimwambie," alisema. "Akiskia moja imekufa atakataa yote, ataenda nyumbani. Wewe humjui kama mimi. Tumwambie ikishafanywa." Alikuwa anasema kwa hofu, na ni kweli kwamba anamjua kuliko mimi. Nilikubali kwa kichwa.

Asubuhi ya upasuaji tulikaa watatu kwenye benchi, mama katikati, amefunikwa lile blanketi. Aliuliza, "Wanatengeneza yote mawili?"

"Watayaangalia, Mum," mke wangu akasema. "Daktari anajua."

Mama aligeuza uso polepole hadi upande wangu, akangoja. Hakuuliza tena. Nilitazama sakafu, nikatazama mlango ambao muuguzi angetokea wakati wowote kuniokoa. Hakutokea.

"La kushoto limekufa, mama," nikasema. "Halitarudi. Watafanya la kulia tu."

Mke wangu alinitazama kwa macho ambayo nilijua nitayalipia. Mama alisugua pindo la blanketi. Kisha akautafuta mkono wangu, akaupata, akaupigapiga.

"Basi sasa unajua kusema stima imepotea," alisema.

Akamgeukia binti yake, akamwambia aache kulia, kwamba lile la kushoto alilizika mwenyewe kimoyomoyo tangu mvua za mwaka juzi, na alikuwa anangoja tu kuona nani atamwambia. Muuguzi akaita jina lake. Akasimama, akanyoosha leso kichwani.

"Twende na hilo moja," alisema.

Siku iliyofuata walimfungua bandeji. Mke wangu alikuwa amekwenda kuchukua dawa, na nilikuwa nimesimama karibu na kitanda peke yangu. Bandeji ilipotoka miguu yangu ilianza kurudi nyuma yenyewe, kutafuta mlango, kama ilivyozoea.

"Simama hapo," mama akaniambia.

Nikasimama. Alipepesa lile jicho, likatoa machozi, akalifuta kwa pamba, akanitazama kuanzia viatuni hadi utosini, taratibu, bila aibu yoyote. Nami nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwahi kulijua, na kidevu chake ni cha mke wangu kabisa.

"Ah," alisema. "Kumbe ni mfupi."